Kawa Iliyoanza Kutembea Mchana

Mtu aliyelelewa Kanyabayonga huujua mlio wa lori kabla hajajua kusoma. Barabara inayotoka Goma hukata uwanda wa Rwindi, katikati ya mbuga ya Virunga, kisha huanza kupanda mteremko wa Kabasha kona kwa kona, hadi dereva anapofika juu, ulipo mji wetu, na kuipumzisha injini. Mchana malori hayo yalibeba maharagwe, viazi, mbao na watu. Usiku yalibeba kawa. Sisi hatusemi kahawa, tunasema kawa, na utotoni tulidhani ni kitu cha usiku kama popo. Iliondoka gizani kuelekea Butembo, kisha Beni, kisha Kasindi, ikavuka mpaka na kuingia Uganda bila jina la kijiji wala la mtu aliyeipanda. Ikifika ng'ambo iliitwa kawa ya Uganda, basi. Wenzetu wa kusini, kando ya Ziwa Kivu, nao waliipeleka Rwanda, ila wao hawakuwa na lori. Walikuwa na mitumbwi.

Taasisi ninayoiandikia kumbukumbu hii ilizaliwa huko kusini, katika milima ya Minova, eneo la Kalehe, mwaka 2003. Jina lake ni Sopacdi, kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayosema mshikamano wa wakulima kwa ajili ya kazi za kawa na maendeleo yaliyokamilika. Mwaka 2023 ilitimiza miaka 20. Mimi ni mtu wa kaskazini na sina hisa wala daftari katika ushirika huo. Ninaandika kwa sababu uliwafanyia wakulima wa ziwani jambo ambalo baba zetu walilingoja hadi wakazeeka: uliitoa kawa gizani.

Historia ya kabla yake ni ndefu, lakini yafaa kuipitia upesi. Arabika ililetwa katika milima ya Kivu enzi za Wabelgiji. Walowezi walichukua ardhi nzuri, wakapanda Bourbon na ile inayoitwa Blue Mountain, na kituo cha utafiti cha Mulungu kikawa mahali pa kujaribia mbegu. Aina moja ambayo bado imo mashambani inaitwa Rumangabo, jina la mahali ambapo kila abiria wa barabara yetu anapajua. Wakulima wadogo walianza kama vibarua, baadaye wakapanda miche michache nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatakuwa ya Wazairi. Mengi yaliwaangukia watu waliokuwa karibu na serikali kuliko walivyokuwa karibu na mti wa kawa. Stesheni za kuoshea zilikosa vipuri, mabomba yakaziba, mabati yakang'olewa. Miaka michache baadaye baridi kali iliunguza mashamba ya Brazili, bei ikapanda duniani kote, na faida hiyo kwetu ikapita njia ya magendo. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa soko la kawa kwa mafungu ulivunjika, bei ikaporomoka. Upande wa Beni, robusta ilikuwa ikifa kwa ugonjwa wa kunyauka, ule unaoanza na tawi moja na kumaliza shamba zima. Nchi iliyokuwa ikiuza nje yapata tani 120,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuja kushuka hadi karibu tani 10,000 zinazopita njia rasmi. Halafu zikaja vita za 1996 na 1998, na hakuna mtu wa Kivu anayehitaji kuelezwa zilikuwa nini.

Lakini kuhusu ziwa, sitapita upesi.

Mkulima wa milima ya Minova mwaka 2000 alikuwa na kawa na hakuwa na mnunuzi. Barabara ilikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na bunduki na mkono ulionyooshwa. Aliyekuja kijijini alikuwa mchuuzi mwenye mizani aliyoichezea mwenyewe, tena mara nyingi alikuwa ameshamkopesha mkulima chumvi na dawa wakati mti ungali unachanua. Kule Bukoba, Tanzania, biashara hiyo wanaiita butura. Kwetu tulisema tu kwamba fulani amekula kawa yake ingali ua. Kwa hiyo wanaume walimenya kawa nyumbani kwa jiwe au kwa kinu, wakaikausha juu ya udongo, wakaipakia kwenye mitumbwi na kungoja usiku uingie. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda, kulikuwa na bei. Ilikuwa bei ya mtu anayejua kwamba umevunja sheria na huwezi kurudi na mzigo wako, lakini ilikuwa bei, na ililipwa kwa fedha au kwa sabuni na nguo. Ziwa Kivu lina upepo wake wa usiku unaoinuka bila taarifa. Mtumbwi uliojazwa magunia hauna nafasi ya kosa. Wanaume wengi walizama, na waliobaki ni wajane wenye miti ya kawa, bila mtu wa kuibeba. Kila anayesimulia mwanzo wa Sopacdi huanza na maji hayo, na ndivyo inavyopaswa.

Joachim Munganga, aliyeianzisha, alikuwa mkulima wa kawa. Wazo lake lilikuwa rahisi, na kwa wakati ule lilionekana la mtu asiyeona kinachoendelea: kufufua stesheni ya kuoshea kawa iliyokuwa imelala kwa miaka mingi. Mwaka 2003 mkataba wa amani ulikuwa mbichi, serikali ya mpito ilikuwa ndiyo kwanza inaundwa Kinshasa, na milimani bado watu walilala vichakani. Yeye alizungumzia mashine ya kumenya na mifereji ya maji.

Msomaji asiyelima kawa anastahili kuelezwa kwa nini stesheni inabadilisha mambo kiasi hicho. Tunda la kawa likiwa jekundu lina utamu, na utamu huo huanza kuchacha siku ileile linapochumwa. Likimenywa kwa jiwe, punje hupasuka. Likikaushwa chini, hunywa harufu ya udongo, ya moshi, ya mbuzi. Mnunuzi akiionja huijua mara moja, na huilipia kama kitu cha kuchanganya na vingine. Kwenye stesheni, matunda yaliyochumwa asubuhi humenywa jioni ileile. Punje hulala kwenye tangi hadi utelezi wake ulegee, kisha hupitishwa kwenye mifereji ya maji safi, nzito zinazama, nyepesi zinaelea na kutengwa. Baada ya hapo hutandazwa juu ya meza za wavu zilizoinuliwa kutoka ardhini, ambako wanawake huzigeuza na kuzichambua siku baada ya siku, wakizifunika jua likizidi na mvua ikija, mpaka zinabaki na ganda lao kavu la ndani, ile tunayoiita parche. Mti ni uleule na mlima ni uleule. Kinachobadilika ni mikono na saa.

Kwa hiyo stesheni hudai jambo ambalo magendo hayalidai: mkulima aje mchana. Hawezi kuficha tunda jekundu mpaka usiku wa manane, litaoza. Lazima ashuke nalo, alipime mbele ya watu, jina lake liandikwe. Nadhani hapa ndipo ushirika ulipojengwa hasa, kwenye mizani kuliko kwenye katiba yake. Daftari la Sopacdi lilikuwa na jina la kila mwanachama, namba yake, na idadi ya miti yake. Vyeti vya soko la haki na vya kilimo kisicho na kemikali vilikuja kudai orodha hiyo baadaye. Lakini kwa mtu aliyezoea kuibiwa kilo tatu kwa kila gunia, kuona jina lake likiandikwa na namba ikisomwa kwa sauti kulikuwa na uzito ambao mkaguzi kutoka Ulaya hawezi kuujua. Wanachama waligawanywa katika maeneo kumi, kila eneo na watu wake wa shambani, ili mtaalamu wa kilimo amtembelee mkulima kwa miguu. Wanaosema Kihavu, Kihunde na Kinyarwanda walipanga foleni kwenye mizani moja, katika miaka ambayo lugha ya mtu ilitosha kumfanya auawe. Sitaki kulikuza jambo hilo wala kulipunguza. Foleni ilikuwepo.

Mwaka 2008 ushirika ulianza kufanya kazi na Twin, shirika la Uingereza lililokuwa limesaidia wakulima wadogo wa nchi nyingi kufika sokoni wenyewe. Hapo yakaja mambo mawili ambayo wazee wa milimani hawakuyategemea. La kwanza ni kuonja. Wakulima wengi wa Kivu walikuwa wamelima kawa maisha yao yote bila kuinywa, kwa kuwa ilikuwa mali ya kuuza, kama dhahabu. Sasa walioneshwa kikombe na kuambiwa: hii ni ya bonde lako. Walijifunza pia aibu ya kanda nzima ya Maziwa Makuu, ile ladha ya kiazi kibichi. Punje moja tu yenye kasoro hiyo huharibu birika zima, na hakuna jicho linaloweza kuitambua kabla haijasagwa. Huhusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda. Dawa yake ni kazi ya mikono: kupogoa mti upate hewa, kuokota wadudu, kuyatia matunda kwenye maji ili mepesi yaelee, kuchambua, kisha kuchambua tena. Mkulima anayeambiwa ana kwa ana kwamba gunia la juma lile lilikuwa na kiazi, naye akarudi shambani kupogoa, ameshatoka katika biashara ya usiku. Kawa ya usiku haikuwa na mtu wa kurudi kukuambia chochote.

La pili ni cheti cha Fairtrade, mwaka 2011. Sopacdi ulikuwa ushirika wa kwanza wa kawa nchini Kongo kukipata. Watu husikia neno hilo wakafikiri ni sadaka, na yafaa tulifungue kwa hesabu. Mbali na bei ya chini iliyowekwa ili mkulima asizame soko likianguka, mnunuzi hulipa senti 20 za dola kwa kila pauni, fedha za ushirika wote, na senti 5 kati ya hizo lazima ziende kwenye ubora na uzalishaji. Gunia la kilo 60 lina pauni zipatazo 132, kwa hiyo hutoa dola 26 na kidogo. Kontena moja la magunia 320 hutoa zaidi ya dola 8,400. Wanachama hukutana na kupiga kura fedha hizo zifanye nini. Katika nchi ambayo watu wa milimani walizoea kuona mradi ukishuka kutoka kwenye gari lenye bendera na kuondoka nalo, mkutano wa wakulima kubishana juu ya fedha yao wenyewe ni jambo la kuandikwa kwenye kitabu cha historia. Tena kubishana kwenyewe ni afya.

Wajane waliingia tangu mapema, na wakawa sura ya ushirika. Kwa mila za milima yetu, mwanamke hulima, hupalilia, huchuma, hubeba, kisha mwanamume hupokea fedha. Mjane alipoandikwa kwenye daftari kwa jina lake, na mkono wake ukapokea malipo kwenye mizani, mpangilio huo ulipata ufa. Baadaye kawa ya wanawake ilianza kutengwa na kuuzwa kama kawa yao, na wapo wanunuzi waliolipa nyongeza juu yake. Ushirika ulipozidi wanachama 5,000, wanawake walikuwa kama mmoja kwa kila watano. Ningependa namba hiyo iwe kubwa zaidi. Anayejua hati za mashamba zimeandikwa majina ya nani ataelewa jinsi hata huyo mmoja alivyopatikana kwa shida.

Sasa nifike kwenye dola moja, ambayo nayo ilinifanya nichukue kalamu.

Kule Massachusetts, Marekani, kuna kampuni inayoitwa Equal Exchange, iliyoanzishwa mwaka 1986 na kumilikiwa na wafanyakazi wake wenyewe. Si kubwa ukiilinganisha na majina yanayojaza maduka ya dunia. Watu wake walinunua kawa ya Sopacdi, wakaja kuiona inakotoka, wakaketi na wanawake wa milimani, wakasikia habari ambazo hapa Kivu tunazijua na hatupendi kuzitaja mbele ya watoto. Mwaka 2011 walianzisha mpango wao wa kawa ya Kongo: kwa kila pakiti inayouzwa, dola moja inakwenda Hospitali ya Panzi, Bukavu. Panzi ilifunguliwa mwaka 1999, na daktari wake, Denis Mukwege, aliyetazamia kuwazalisha akina mama, alijikuta akiwashona wanawake waliobakwa na watu wenye silaha. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad, lakini dola za kawa zilianza kufika miaka saba kabla ya medali.

Dola moja ni kitu kidogo. Itazame hata hivyo inakopita. Mwanamke wa mlima mmoja anachuma kawa. Inaoshwa, inakaushwa, inavuka bahari, inakaangwa, inanunuliwa na mtu asiyejua Minova iko wapi. Mtu huyo akilipia kikombe chake cha asubuhi, sehemu ya fedha inarudi kwenye ziwa lilelile, kwa mwanamke mwingine, pengine wa mlima wa pili, aliyelala kitandani Panzi. Hakuna anayemshukuru mwenzake kwa kuwa hawaonani. Nimesoma mambo mengi juu ya ukarimu wa makampuni na mengi hayakunigusa. Hili linanigusa, kwa kuwa utoaji umefungwa ndani ya pakiti yenyewe, haungoji faida ya mwisho wa mwaka wala picha ya mkurugenzi.

Sisi Wanande wa kaskazini hatukuwa wageni wa kutoa. Wafanyabiashara wa Butembo, wengi wao wakiwa wamepata mtaji kwa biashara ya kawa na ya mpakani, walichangia barabara na makanisa, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichofunguliwa mwaka 1989, kilisimama kwa mikono ya watu wa mji. Waliyatoa hayo wakati serikali haikutoa chochote. Ila mkulima aliyejaza magunia yao hakuwemo kwenye orodha ya wachangiaji, wala ya waliochangiwa. Ndiyo maana nilifurahi upande wetu ulipopata vyama vyake vya ushirika. Ushirika wa Kawa Kabuya una makao Butembo, na jina lake kwa Kinande ni kawa nzuri. Kawa Kanzururu uko chini ya Ruwenzori, na jina lake linatokana na nzururu, theluji ya mlima huo. Wao walichagua stesheni ndogondogo, zilizo karibu na miguu ya mkulima, zikiendeshwa na majirani wanaojuana. Kusini walianza na stesheni moja wakaeneza, kaskazini walianza na nyingi ndogo. Nasaba yao ni moja.

Twin, mshirika wa kwanza wa Sopacdi, ilifunga milango mwaka 2019. Ushirika haukufa pamoja nayo, na hilo lilikuwa jaribio kubwa kuliko cheti chochote. Majaribio mengine yalikuja na bunduki. Novemba 2012, jeshi la serikali liliporudi nyuma kutoka Goma, Minova ilipita siku za ubakaji ambazo mahakama ilikuja kuzisikiliza, na wanawake wengi wa eneo hilo wangali wakizibeba mwilini. Tarehe 28 Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, nasi tukaitelemka barabara yetu kuelekea kaskazini tukiwa na magodoro vichwani, tukipita Kayna na Kirumba hadi Lubero na Butembo. Tarehe 21 Januari 2025 waliichukua Minova. Kabla mwezi haujaisha Goma ilianguka, na benki zake zikafungwa. Februari Bukavu ikafuata, na Panzi ikajikuta ndani ya vita ilivyokuwa ikivitibu. Mwezi huohuo bei ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa pauni, bei ambayo Munganga na wajane wa 2003 hawakuiota. Tunda lilikuwa likianza kuiva kando ya ziwa.

Shangazi yangu aliporudi Kanyabayonga hakuingia nyumbani kwanza. Mlango haukuwepo, aliliona hilo kutoka barabarani, akapita moja kwa moja hadi shambani. Miti ilikuwa imekaa msimu mzima bila kuchumwa, matunda yamekauka meusi juu ya matawi, majani ya chini yameliwa na wadudu. Alikaa siku mbili akiitazama. Siku ya tatu aliazima msumeno kwa jirani akaanza kuikata, mti baada ya mti, chini kidogo ya goti, kwa mshazari ili maji ya mvua yasikae kwenye jeraha. Kila kisiki atakiachia chipukizi tatu. Mavuno yatachukua miaka miwili, pengine mitatu. Kati ya visiki amepanda maharagwe.